Jumamosi Isiyokuwa Yake

Juma Kuu watu wa mji wa Iloilo huungama kwa mkupuo, utadhani dhambi za mwaka mzima zina tarehe ya mwisho ya kuwasilishwa. Jumatano ile foleni ya kitubio ilianzia mlangoni mwa kikanisa kilichomo ndani ya jumba la maduka, ghorofa ya tatu, ikapita mbele ya duka la viatu, ikazizunguka ngazi za umeme na kuishia kwa muuza donati. Mapadre walikuwa wawili, waungamaji hawapungui mia na hamsini. Aliyebanwa na haja aliacha kitu chake sakafuni kimshikie nafasi, akaenda.

Jonalyn Parreño aliacha pepeo lake la ukindu. Aliporudi alikuta pepeo limesogezwa pembeni, na mahali pake amesimama kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo, viatu vyeupe, nywele bado zina maji ya kuoga.

"Kaka, hapo ni pangu."

"Nilikuta pepeo tu, dada."

"Pepeo ni langu."

"Basi liache liungame lenyewe."

Kina mama waliokuwa nyuma wakacheka. Jonalyn hakucheka. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mfupi, mwenye gauni la maua madogo na sauti iliyozoea kunyamazisha watoto arobaini.

"Sawa," alisema. "Ukifika mbele usisahau kuitaja na hiyo. Nimeiba nafasi ya mtu, tena kwenye foleni ya kitubio."

"Hiyo ni dhambi ndogo au kubwa?"

"Ulijua ni nafasi ya mtu?"

"Nilijua."

"Kuna aliyekusukuma?"

"Hakuna."

"Basi umeshatimiza masharti mawili ya dhambi kubwa. Bahati yako jambo lenyewe ni dogo."

Kijana akamtazama vizuri. "Wewe ni sista?"

"Mimi ni katekista. Sogea."

Akasogea. Saa moja baadaye, Jonalyn alipotoka kusali malipizi yake, alimkuta amemngoja mlangoni na donati mbili kwenye karatasi.

"Padre amenipa Salamu Maria tatu na kumnunulia donati niliyemkosea."

"Padre hakusema donati."

"Alisema Salamu Maria. Donati nimeongeza mimi, kwa moyo wa toba."

Alikuwa ametoka kuungama dakika tano zilizopita na tayari amedanganya kuhusu malipizi. Jonalyn aliliona hilo, akacheka, akapokea donati. Angekuwa mmoja wa wanafunzi wake angemkemea, lakini wanafunzi wake hawakuwa na meno mazuri namna ile.

Jina lake lilikuwa Errol Sumagaysay. Alifanya kazi katika ofisi ya kupokea simu za Wamarekani, usiku kucha, akiwatuliza watu waliokasirika kwa sababu kifurushi hakijafika au mashine ya kahawa haiwaki. Alikuwa na sauti maalumu ya kazi hiyo, laini na ya polepole. Aliamka saa nane mchana, na jambo lake la kwanza lilikuwa kumpigia Jonalyn, aliyemwita Langga, yaani kipenzi.

"Langga, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Ninakula sauti yako kwanza."

"Utakonda."

"Nikikonda utaniacha?"

"Nitakupikia. Halafu nitakuacha ukiwa umeshiba."

Ikawa hivyo mwaka mzima. Walitembea kando ya mto asubuhi za Jumapili baada ya Misa, yeye macho mekundu kwa kukesha, Jonalyn akiwa na mwavuli wa kuwakinga wote wawili. Siku moja walipokuwa wamekaa kwenye benchi, Errol akamshika mkono kwa namna ambayo haikuwa ya mkono tu. Jonalyn akamwambia waziwazi kwamba anataka wasubiri mpaka ndoa.

"Si kwamba sitaki," alisema, na uso ulimwiva. "Nataka sana. Ila nafundisha watoto neno hili, na sitaki kuwafundisha nisichokiishi."

Errol akatabasamu. "Kazi yangu ni kuwasubirisha watu kwenye simu. Sasa zamu yangu imefika."

Jonalyn alimpenda kwa jibu lile kuliko kwa jambo lingine lolote. Januari familia ya Errol ilikuja nyumbani kwao kuposa, na mchele na nguruwe mzima wa kuchoma, na mama yake Errol akiwa mbele amevaa vazi la kijani la chama chake. Harusi ikapangwa Desemba. Mama huyo, ambaye wote walimwita Tita Luz, yaani shangazi, alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa parokia. Alikuwa mwanamke mwema, mwenye kuamka alfajiri kupamba altare, na mwenye hakika kwamba Mungu asingeweza kuiendesha parokia ile bila yeye.

Kila Jumamosi mchana Jonalyn alifundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa. Walikuwa arobaini na wawili, na Mei wangepokea. Jumamosi ya pili ya Machi somo lilikuwa namna ya kulipima tendo. Aliandika ubaoni maneno matatu: tendo, nia, mazingira.

"Yote matatu yawe mema," aliwaambia. "Mawili hayatoshi."

Mtoto mmoja aitwaye Junrey, mwenye pengo na maswali yasiyokwisha, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama nimeiba kuku wa jirani nimpikie bibi yangu mgonjwa?"

"Nia yako ni nini?"

"Bibi apone."

"Nia njema. Na bibi anaweza kupona kweli. Lakini kuku bado ni wa jirani."

Watoto waliipenda, wakaiimba mpaka saa kumi na moja walipofunga: kuku bado ni wa jirani. Akiwa njiani kurudi Jonalyn alimpigia Errol amsimulie, simu ikaita bila kupokelewa. Hakushangaa. Jumamosi ndiyo siku ambayo Errol alilala mpaka jioni.

Baada ya Pasaka mambo yakaanza kwenda mbio. Tita Luz alisema Desemba ni mbali, mvua na baridi, wageni wana Krismasi zao, afadhali Juni. Jonalyn alishangaa, maana Desemba aliichagua Tita Luz mwenyewe.

"Mama yako ana nini?" alimuuliza Errol kwenye simu.

"Anataka wajukuu, Langga. Unamjua."

"Juni ni wiki nane kutoka sasa."

"Ina maana hutaki kuwa wangu mapema?"

Akaacha kuuliza. Kisha ikaja siku ambayo Sista Bening, msimamizi wa makatekista, alimwita ofisini, akamkalisha, akampa juisi ambayo hajawahi kumpa.

"Jonalyn, nataka upumzike mpaka baada ya harusi. Watoto atawachukua Marivic."

"Sijachoka, Sista. Na komunyo imebakiza wiki tatu tu."

"Si suala la kuchoka." Sista aliitazama meza. "Watu wana macho, mwanangu. Tulia kwanza. Ukishafunga ndoa utarudi, na hakuna atakayesema neno."

"Neno gani?"

"Kunywa juisi yako."

Jonalyn alitoka pale akiwa na aibu asiyojua chanzo chake, na hiyo ndiyo aibu mbaya kuliko zote, kwa sababu mtu huipekua nafsi yake yote akiitafuta. Alijichunguza wiki nzima. Je, alikuwa mkali kwa mtoto wa mtu? Alikosea somo? Jioni Errol alimfariji kwa sauti yake laini, akamwambia Sista Bening ni mzee, asimjali, labda anamwonea wivu. Alimfariji vizuri sana. Hilo Jonalyn alilikumbuka baadaye.

Fundi wa gauni ndiye aliyeropoka. Manang Tessie, kama wanavyoitwa kwa heshima wanawake wakubwa, alikuwa na pini mdomoni na futi shingoni, akampima kifua, akampima mabega, alipofika kiunoni akaacha vidole vinne vya kitambaa.

"Manang, hapo pamelegea."

"Ndivyo alivyosema Tita Luz. Niache nafasi."

"Nafasi ya nini?"

Manang Tessie akatoa pini mdomoni, akacheka kicheko cha kirafiki. "Usinifiche mimi, Inday, mwanangu. Nimeshona magauni ya Juni miaka thelathini. Kichefuchefu kimeisha au bado?"

Jonalyn alivua lile gauni likiwa na pini zake zote, likamkwaruza mgongo, akaenda moja kwa moja kwa Tita Luz.

Alimkuta barazani akifunga wali wa nazi kwenye majani kwa ajili ya watoto wanaopeleka maua kanisani kila siku ya Mei. Tita Luz alimsogezea kigoda na bakuli la majani, kama mkwe wa siku nyingi.

"Tita, nani amewaambia watu kwamba nina mimba?"

"Hakuna aliyesema mimba, mwanangu. Tumesema tahadhari." Alifunga kifurushi kimoja, akakaza uzi. "Mimi sihukumu mtu. Nilikuwa kijana na mimi. Lakini gesti, Jonalyn? Ya barabara kuu ya mzunguko, saa kumi mchana, mko kwenye pikipiki yake na kofia ngumu kichwani mnadhani hamwonekani?"

"Nani kasema ni mimi?"

"Manang Cora alimwona Errol akitoka na mwanamke. Uso hakuuona. Nilimuuliza mwanangu hapa hapa akiwa anakula. Akaweka kijiko chini, akalia. Akasema ni wewe, kwamba mlishindwa na ujana, kwamba nisikuchukie. Ningemchukiaje mtu anayeingia nyumbani kwangu? Ila kwa Sista ilinibidi niseme. Huwezi kusimama mbele ya watoto kuwafundisha amri ya sita na ukweli ndio huo."

"Ilikuwa Jumamosi gani, Tita?"

"Ya pili ya Machi. Nakumbuka, maana Manang Cora alikuwa anatoka kumwona dada yake hospitali."

Kwanza Jonalyn alifurahi. Jumamosi ya pili ya Machi, saa kumi, alikuwa na chaki mkononi mbele ya mashahidi arobaini na wawili. Furaha hiyo ilidumu kwa muda wa kumeza mate. Kwa maana kama hakuwa yeye kwenye pikipiki ile, alikuwa mwingine. Errol alikuwa na mwingine, na dhambi yao amemvika yeye.

Neno lilimfika mdomoni. Lakini aliona vidole vya mama yule vikifunga majani, akajua kwamba neno moja tu litavunja nyumba ile mchana ule ule, na kwamba mwenye kulisema si yeye.

"Niruhusu niongee na Errol kwanza, Tita."

Tita Luz aliuchukua ukimya wake kuwa ungamo. Akampapasa mkono kwa huruma. "Yamepita, mwanangu. Mungu ni mwema."

Alimpigia akiwa bado barabarani, nje ya geti.

"Langga," Errol alijibu kwa usingizi. "Umenikumbuka mapema leo."

"Jumamosi ya pili ya Machi, saa kumi mchana, ulikuwa wapi?"

"Machi? Nilikuwa nimelala, si unajua Jumamosi..."

"Na nani?"

Jonalyn alisikia feni ya chumbani kwa Errol ikizunguka. Kisha ikaja ile sauti, laini, ya polepole. "Langga, naelewa kabisa kwamba umeumia, na nataka tulitatue hili kwa pamoja. Kwanza vuta pumzi..."

"Usinisemeshe kama mteja, Errol."

Walikutana sokoni La Paz, kwenye meza za batchoy, ile supu ya tambi, mahali penye kelele za masufuria na mvuke wa mchuzi wa mifupa, mahali ambapo mtu anaweza kulia na wengine wakadhani ni moto wa supu. Errol alikuja na fulana iliyokunjamana. Ilikuwa mara ya kwanza Jonalyn kumwona bila pasi.

"Ilikuwa mara mbili," alisema, macho kwenye bakuli. "Ni mtu wa kazini. Imekwisha. Hata salamu hatupeani. Jina lake ni..."

"Usinitajie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nitalitaja na mimi. Nimejua sasa jina la mtu kutajwa kunafanya nini."

Errol akaanza kulia, machozi ya kweli. "Mama angejua ni mwingine angevunja kila kitu. Ningekupoteza. Nikafikiri, sisi si tunaoana? Wewe watakusamehe, kila mtu anawasamehe wachumba. Watanung'unika wiki mbili, wasahau. Nilifanya kwa ajili yetu, Jonalyn. Nia yangu ilikuwa njema."

"Kuku bado ni wa jirani."

"Nini?"

"Basi tu. Hukuwepo darasani." Alisukuma bakuli lake pembeni, halijaguswa. "Pale benchini nilikuomba tusubiri, ukasema utasubiri. Sikukushikia bunduki. Ungesema huwezi, ningelia, lakini ningejua. Badala yake umesubiri na mimi huku, na kule umekwenda na mwingine, halafu ukarudi ukaniandikia mimi safari yako. Na nilipoondolewa kwa watoto ukanifuta machozi. Ulijua ninalia nini, mimi sikujua. Hilo ulilifanyaje?"

Errol akajaribu lingine. "Tukioana Juni, nani atauliza tena?"

"Tukioana, uongo wako unakuwa kweli. Wataanza kuhesabu miezi tumboni mwangu. Mtoto asipokuja, watasema ameharibika. Tukiachana leo, pia unakuwa kweli: msichana alitumiwa, akaachwa. Milango yote miwili umenifungia, Errol, na anayeweza kufungua ni wewe peke yako. Nenda kamwambie mama yako, na Sista, na Manang Cora. Komunyo ni Jumapili ijayo. Nataka niwe na watoto wangu."

"Nitasema."

"Kabla ya Jumapili."

"Nitasema, Langga. Nakuapia."

"Usiape. Sema tu."

Alhamisi alimpigia, sauti nyepesi kama ya mtu aliyetua mzigo. "Nimeungama. Nimemwambia Padre Dolfo yote. Nimesamehewa."

"Nashukuru," Jonalyn alisema, na alishukuru kweli. "Mama yako je?"

"Padre amesema kusamehewa nimesamehewa, lakini aliyechukua jina la mtu lazima alirudishe pale pale alipolichukulia. Alisema hivyo."

"Lini?"

"Hakutaja siku."

"Mimi nilitaja."

"Jonalyn, Mama presha iko juu wiki hii. Ana maandalizi ya komunyo, ana watu wa maua. Nikimwambia sasa ataanguka. Acha ipite Jumapili hii moja tu."

Jumapili ikafika. Jonalyn alikaa nyuma, karibu na nguzo, amevaa gauni la kawaida, katikati ya watu waliokuja kwa kuchelewa. Watoto arobaini na wawili waliingia kwa mistari miwili, weupe tupu, mishumaa mikononi, na mbele yao Marivic akiwa na karatasi yenye majina ambayo hakuwa ameyashika bado. Alimwita Junrey jina lisilo lake. Junrey aligeuka nyuma kumtafuta aliyemfundisha kupokea, akamwona nguzoni, akampungia mkono mpaka mama yake akamgeuza kichwa. Wanawake wawili waliokuwa benchi la mbele ya Jonalyn waligeuka pia, wakamtazama kiunoni, wakageukia altare.

Errol alikuwa benchi la tatu kando ya mama yake, shati jeupe la sherehe, pasi imerudi. Wakati wa komunyo alipopanga foleni alimwona Jonalyn. Macho yao yalikutana vizuri, hakuna aliyekuwa katikati. Kisha Errol akainamia karatasi yake ya nyimbo, akaendelea kuimba.

Jonalyn hakulia kanisani. Alijikaza mpaka nyumbani, akaingia jikoni, akamwambia mama yake, Nanay Pacita, kila kitu tangu mwanzo. Nanay alizima jiko, akaketi sakafuni pamoja naye.

"Kwa nini hukusema mwenyewe?" mama aliuliza. "Saa ile ile, kwa Luz? Ulikuwa na watoto wote wale wa kukushuhudia."

"Ningesema, wangeniamini nusu. Msichana akijitetea, Nanay, watu husikia tu kwamba ana la kujitetea. Na nilitaka aliseme yeye. Nilitaka nimwone akilisema."

Alilisema siku sita baadaye. Jonalyn hakuwepo. Aliletewa habari na Tita Luz mwenyewe, aliyekuja kwa miguu juani bila mwavuli, sketi ina unga, akasimama mlangoni hataki kuingia.

"Tulikuwa kumi na wawili," alisema. "Tunafunga wali. Akaja akasimama katikati yetu, akasema mbele ya wote. Kwamba hukuwa wewe. Kwamba hukuwahi kamwe. Cora aliangusha kisu." Akakung'uta sketi. "Jonalyn, mwanangu alidanganya, lakini kwa Sista sikutumwa. Lile neno nililipeleka kwa miguu yangu hii, na kila hatua nikijiona ninatenda wema."

"Ingia ndani, Tita, jua ni kali."

"Siwezi kuingia."

"Ingia unywe maji."

Aliingia, akanywa, akalia. Jonalyn alimshika mkono, na haikumwia vigumu kama alivyodhani. Nanay Pacita akamletea glasi ya pili. Jioni Sista Bening alipiga simu, akaomba radhi kwa sentensi tatu fupi, akasema darasa la Juni ni lake. Jonalyn alishukuru. Darasa la Juni lingekuwa na watoto wengine.

Kesho yake, Jumapili, Errol alimngoja kando ya mto baada ya Misa. Alikuwa amevaa vizuri, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyelala kidogo na si kwa ajili ya kazi. Watu walipita wakikimbia mazoezi, watoto wakiendesha baiskeli.

"Nimesema yote," alisema. "Kwa Mama, kwa Sista, kwa Manang Cora. Leo asubuhi nimemwendea hata fundi wa gauni. Jina la yule mwingine sikulitaja."

"Nimesikia. Asante. Najua haikuwa rahisi."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Nilipoamka nilisema nimekusamehe, nikaona bado nina hasira, nikasema tena. Nadhani itanibidi niseme kila siku kwa muda mrefu. Lakini nimekusamehe, Errol. Sikutakii baya lolote."

Uso wake ulifunguka. Akamshika mkono, ule wenye pete, ambayo Jonalyn hakuwa ameivua wiki zote zile, kwa sababu kidole kitupu nacho kingesemwa. "Basi Juni iko pale pale. Au turudishe Desemba, ukitaka. Wewe ndiye utakayechagua. Nitakuwa mtu mwingine, utaona."

"Hapana."

"Hapana Juni?"

"Hapana harusi."

Aliuachia mkono. "Lakini umesema umenisamehe."

"Nimesema, na ni kweli."

"Sasa kwa nini? Ni kwa ajili ya yule?"

"Yule ningemeza. Ningetapika kwanza, lakini ningemeza." Sauti ya Jonalyn ilianza kutetemeka, akaiacha itetemeke. "Jumapili ile uliniona pale nguzoni. Uliona wale wanawake wananiangalia kiunoni. Neno lako moja lingenitoa pale, ukaliweka mfukoni, ukaendelea kuimba. Ulisema wiki iliyofuata, watoto wangu wameshapokea, sherehe ya mama yako imeshakwisha salama."

"Niliogopa."

"Najua. Na utaogopa tena. Siku hiyo nitakuwa mkeo, na sitakuwa na pa kwenda."

"Wewe ndiye unayewafundisha watu kusamehe," alisema Errol, na sasa hakuwa na ile sauti ya kazini, ilikuwa yake mwenyewe, imevunjika. "Nimeungama, nimerudisha jina lako, nimejiaibisha mbele ya mama yangu. Nifanye nini tena, kimebaki nini?"

"Hakuna kilichobaki. Umefanya vyote." Alivua pete, akaiweka kwenye kiganja chake, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili. "Kusamehe nimeamriwa, Errol. Kuolewa naulizwa. Padre angesimama mbele yetu aniulize kama nimekuja kwa hiari yangu, na ningemjibu ndiyo, na ningekuwa nimemdanganya mbele ya altare. Uongo mmoja umetutosha."

Errol hakumfuata. Jonalyn alitembea kando ya mto mpaka darajani, akilia waziwazi, watu wa mazoezi wakimpisha njia. Alilia kwa sababu alikuwa bado anampenda. Hakuna aliyekuwa amemwamuru kumpenda, na hakujua nani angemwamuru aache.